Kununua, kuwasha au kujenga: njia tatu za kuingiza akili mnemba kwenye biashara

Meneja anayeulizwa na bosi wake "sisi AI tunaanza lini?" mara nyingi anakuwa na mapendekezo matatu mezani tayari. La kwanza limetoka kwa vijana wa ofisini: tulipie ChatGPT au kitu cha namna hiyo, kila mtu apewe akaunti. La pili limetoka kwa muuzaji wa programu mnazotumia siku zote: mbona imo humohumo, ongezeni hela kidogo tuiwashe. La tatu limekuja na slaidi na suti: tutawajengea mfumo wenu wenyewe, utajibu wateja WhatsApp usiku na mchana, tena kwa Kiswahili.

Kila moja lina mahali pake. Ukiangalia chini ya boneti, mara nyingi njia zote tatu zinaendeshwa na mashine za makampuni yaleyale machache, kwa hiyo kubishana ipi ina akili zaidi ni kupoteza mkutano. Mimi naanza na swali moja: mashine ikikosea, nani atakuwa wa kwanza kuliona kosa, mfanyakazi wako au mteja wako?

Ili tusiongee hewani, tuchukue biashara ya mfano. Msambazaji wa vinywaji na bidhaa za madukani, wafanyakazi 45, duka Kariakoo na ghala Tabata. Oda zinaingia kwa WhatsApp na kwa simu, hesabu ziko kwenye Tally, risiti zinatoka kwenye mashine ya EFD, na lipo faili moja la Excel la wadaiwa ambalo mtu mmoja tu ndiye analielewa. Meneja yeyote wa Mwanza au Mombasa atakuwa anaijua biashara ya aina hii.

Njia zenyewe

Kununua akaunti ni kulipia kwa kichwa kila mwezi. Mfanyakazi anabandika maandishi au anauliza, anapata rasimu. Inafaa kwa barua za wagavi wa nje, kufupisha mkataba wa kurasa 30 kabla hujampelekea mwanasheria, kutafuta kwa nini fomula ya Excel imegoma, tangazo la kazi, kumbukumbu za kikao. Haijui lolote kuhusu biashara yako isipokuwa kile ulichokibandika.

Kuwasha ni kutumia akili mnemba iliyowekwa ndani ya Microsoft 365, Google Workspace, Zoho na wenzao. Hii inaona barua pepe, mafaili na kalenda ambazo mtumiaji ameruhusiwa kuziona. Ndiyo raha yake: unauliza "mgavi wa juisi alituahidi punguzo gani mwezi wa tatu?" na inakuletea barua yenyewe. Ndiyo hatari yake pia. Faili la mishahara ambalo mtu alilitupia kwenye folda ya wote miaka minne iliyopita lilikuwa salama kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na muda wa kupekua. Siku mkiwasha, karani wa ghala akiuliza habari za posho, litaibuka. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kuna wiki kadhaa za kazi isiyo na shukrani: kupitia folda moja moja na kuuliza nani anatakiwa kuona nini. Muuzaji hataitaja kazi hiyo kwenye slaidi.

Kujenga kuna ngazi mbili na wauzaji hupenda kuzichanganya. Kuna kulipia modeli (mashine ya akili mnemba iliyokwishafunzwa) ya kampuni kubwa kwa kadiri mnavyoitumia, kisha fundi anaiunganisha na orodha yenu ya bei, stoo na WhatsApp. Na kuna kuchukua modeli iliyo wazi, yaani inayoruhusiwa kupakuliwa, kama Llama ya Meta (wenye Facebook na WhatsApp), na kuifunza zaidi kwa maandishi yenu. Nyingi ya zinazoitwa "AI yenu wenyewe" ni ya ngazi ya kwanza. Si vibaya hata kidogo, ila bei yake haitakiwi kuwa ya ngazi ya pili. Muulize muuzaji moja kwa moja.

Pesa

Microsoft walipoanza kuiuzia biashara Copilot, akili mnemba ya ndani ya programu zao, Novemba 2023, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 30 kwa mtu kwa mwezi, juu ya leseni ya kawaida ya Microsoft 365. ChatGPT ya vikundi ilipoanza Januari 2024 ilikuwa dola 25 kwa mtu ukilipa kwa mwaka, 30 ukilipa mwezi kwa mwezi. Bei hizi hubadilika na ofa haziishi, kwa hiyo angalia za leo, lakini hesabu inafanana.

Ukiwalipia wote 45 kwa dola 30, kwa mwaka ni dola 16,200. Sasa watoe madereva, wapakiaji, walinzi na wauzaji wa kaunta. Wanabaki kama 12 wenye kompyuta: dola 4,320. Kati ya hao 12, tafuta wanaoandika, kusoma au kupanga takwimu kila siku. Wakiwa 6, umefika dola 2,160. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama sera ya "kila mtu apate" inapendeza zaidi kwenye kikao. Ongeza makato ya benki kwa malipo ya dola, na muulize mhasibu mapema kuhusu VAT ya huduma za mtandaoni zinazonunuliwa nje, maana hiyo huwa inakumbukwa siku ya ukaguzi.

Kujenga kunaonekana rahisi kwenye karatasi kwa sababu ada ya mashine kwa kila ujumbe ni senti. Gharama iko kwa watu. Bei ya soda imepanda Jumatatu: nani anabadilisha kwenye mfumo, na saa ngapi? Fundi aliyejenga akipata kazi nyingine, nani anajua alichokifanya? Halafu kuna jambo dogo la lugha linalokula bajeti. Mashine hizi hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza. Neno kama "hawajatuletea" linasagwa vipande kadhaa. Makadirio ya gharama yaliyofanywa kwa ujumbe wa Kiingereza yakataeni. Mwambieni muuzaji apige hesabu upya kwa ujumbe halisi wa wateja wenu.

Kosa likitokea

Hapa njia hizi zinaachana kabisa.

Abiria mmoja wa Kanada aliyefiwa aliiuliza chatbot (mashine ya kuchati na wateja) ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Ikamwambia asafiri kwanza, punguzo ataliomba baadaye. Sera ya kampuni haikuwa hivyo. Kesi ilipofika kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, kampuni ilijitetea, kwa ufupi, kwamba chatbot ni chombo kinachojitegemea na kinawajibika kwa maneno yake chenyewe. Februari 2024 baraza lilikataa, na kampuni ikaamriwa kulipa dola za Kanada 812 hivi. Pesa ni ndogo. Utetezi ndio uliozunguka dunia, na meneja yeyote anayetaka kuweka mashine mbele ya mteja aukumbuke: ikisema "bei ni 18,000", ni ninyi mmesema.

Mwezi huohuo Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza kwamba msaidizi wake wa akili mnemba alishughulikia mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi wake wa kwanza kazini, theluthi mbili ya mazungumzo yote ya huduma kwa wateja, sawa na kazi ya watu 700. Namba hizo zilizunguka kwenye kila semina. Mwaka 2025 mkurugenzi wake, Sebastian Siemiatkowski, alieleza kuwa walitanguliza mno gharama na ubora ukashuka, na kampuni ikarudi kuajiri watu wa kuongea na wateja. Mashine haikuondolewa. Kilichobadilika ni kwamba mteja anayetaka mtu ampate mtu. Kwenye semina, nusu hii ya pili huwa haisimuliwi.

Akaunti za kununua na zile za kuwasha zina faida moja kubwa: kati ya mashine na mteja amekaa mfanyakazi wako. Lakini kukaa hapo hakutoshi kama hawezi kulitambua jibu baya. Kuna tafiti tatu ambazo ningependa kila meneja azisome pamoja, maana moja moja zinapotosha.

Ya kwanza ilifanyika kwenye kitengo cha huduma kwa wateja chenye mawakala zaidi ya 5,000. Waliopewa msaidizi wa akili mnemba waliongeza tija kwa wastani wa asilimia 14, na wageni wa kazi wakaongeza kama asilimia 34, huku wazoefu wakipata kidogo sana. Ukiishia hapo utasema: wape wapya kwanza.

Ya pili ilifanyika Kenya. Wafanyabiashara wadogo 640 walihusishwa, na baadhi yao wakapewa mshauri wa GPT-4, modeli ya wenye ChatGPT, kupitia WhatsApp. Kwa wastani hakukuwa na mabadiliko. Lakini ndani ya wastani huo, waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa takriban asilimia 15, na waliokuwa wanasuasua walishuka kwa kama asilimia 8. Ukiishia hapo utasema kinyume chake: wape hodari tu.

Zote mbili ni kweli, na kinachozitofautisha ni aina ya kazi. Kwenye huduma kwa wateja maswali yalikuwa yanajulikana, na mashine ilikuwa imejifunza kutoka kwenye mazungumzo ya kampuni yenyewe, yakiwemo ya mawakala wake bora. Mgeni alikuwa anakopeshwa uzoefu wa mwenzake. Kenya kila mmoja aliuliza lake, waliokuwa wanasuasua waliuliza mambo magumu zaidi, na ilibaki juu ya mwenye biashara kuamua ushauri upi aufuate na upi auache. Ndiyo maana akaunti ya mtu anayejibu "mzigo wangu umefika wapi?" mpe hata aliyeajiriwa jana. Akaunti ya mtu anayepanga bei au anayeamua kufungua tawi Mbagala mpe yule ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo bila mashine.

Ya tatu inaongeza onyo. Mwaka 2023 washauri 758 wa Boston Consulting Group walipimwa wakitumia GPT-4. Kwenye kazi zilizo ndani ya uwezo wake walimaliza nyingi zaidi kwa asilimia 12 na haraka zaidi kwa asilimia 25. Kwenye kazi moja iliyochaguliwa makusudi nje ya uwezo wake, uwezekano wao wa kupata jibu sahihi ulishuka kwa pointi 19 za asilimia kuliko wenzao wasiotumia. Na hao ni watu wanaolipwa kwa kufikiri. Jibu lililoandikwa vizuri linalegeza jicho la mtu yeyote.

Oda ya kwenye WhatsApp

Hili ndilo jaribio la kweli kwa biashara ya huku, na kwenye slaidi halimo. Ujumbe wa mteja wa rejareja unakuja hivi:

"Mambo vp, niwekee za chungwa 5 na maji makubwa 3, alafu zile ndogo kama juzi. Ya jana moja ilikuja imepasuka mtanirudishia au?"

Muuzaji wako wa zamani ameshamaliza: kreti 5 za soda ya chungwa, katoni 3 za maji ya lita moja na nusu, juisi ndogo katoni 2 kwa sababu juzi ndizo alizochukua, na chupa moja ya kurudisha ambayo kwanza atampigia dereva kuuliza. Mashine iliyonunuliwa kwa akaunti itaipanga vizuri sentensi, lakini "kama juzi" haiwezi kuijua. Iliyowashwa kwenye barua pepe na mafaili haikai WhatsApp. Hapa njia ya kujenga inazipita zote mbili, kwa sharti kwamba imeunganishwa na historia ya oda za mteja huyo. Isipounganishwa, itakisia kwa adabu nyingi, na gari litaondoka Tabata na mzigo usio wake.

Kabla ya kusaini chochote, chukua ujumbe 100 wa mwezi uliopita, futa majina na namba za simu, kisha mpe muuzaji wako bora, na upe pia mfumo wa kampuni inayotaka kuwajengea. Linganisha oda mstari kwa mstari. Angalia hasa pale mashine ilipotakiwa kuuliza na haikuuliza. Kampuni ikikataa jaribio hilo na kuleta demo yake yenye "Ningependa kuagiza katoni tano za maji, tafadhali", umeshapata jibu.

Mfano mzuri wa kujenga uko Kenya. Jacaranda Health wana huduma ya ujumbe mfupi kwa wajawazito na waliojifungua, inayoitwa PROMPTS. Mwaka 2023 walitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyojengwa juu ya Llama. Kabla ya hapo walikuwa tayari wanapokea maswali ya akina mama kwa wingi, kwa lugha ya akina mama wenyewe, na walikuwa na dawati la watu wa kuyajibu. Walijenga juu ya hazina waliyokuwa nayo. Biashara ambayo oda zake zimelala kwenye simu za wauzaji wanne, wawili wakiwa wameshaacha kazi, bado haina cha kujengea, na hela yake kwa mwaka huu itafanya kazi kubwa zaidi ikikusanya oda hizo mahali pamoja.

Taarifa za watu

Kama hujanunua chochote, usidhani hamtumii. Vijana wako wanabandika vitu kwenye akaunti zao za bure sasa hivi. Samsung waligundua hivyo mwaka 2023 baada ya wahandisi kuingiza msimbo wa programu za kampuni kwenye ChatGPT, wakapiga marufuku. Kwa biashara ndogo marufuku haikamatiki. Kila mtu ana simu yake. Akaunti ya kulipia ya biashara inasaidia kwa sababu watoa huduma wakubwa huahidi kutoyatumia maandishi yako kufunza modeli zao, ahadi ambayo akaunti ya bure mara nyingi haina. Soma kipengele hicho mwenyewe.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Kenya ina yake ya 2019, ambayo faini ya kiutawala hufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kwa njia zote tatu mashine kwa kawaida iko nje. Lililo gumu zaidi kwa msambazaji ni mali kauli, yaani mzigo wa mkopo. Kuna kampuni zitakazokuahidi mfumo unaopanga nani akopeshwe na nani anyimwe. Uamuzi unaofanywa na mashine peke yake juu ya mtu unagusa haki zake kisheria, na zaidi ya hapo, mwenye duka wa miaka 15 atakuja kukuuliza kwa nini. "Mfumo umekataa" si jibu la kumpa mtu aliyewalea wakati mnaanza. Mashine ikuandalie orodha na sababu. Jina liamuliwe na mtu.

Ningechagua nini

Kwa msambazaji wetu: akaunti 6, miezi mitatu, na kazi zilizotajwa kwa jina. Mhasibu: barua za wadaiwa na kusuluhisha taarifa ya benki na Tally, huku namba za akaunti za wateja zikiwa zimeondolewa. Ununuzi: barua za wagavi. Utumishi: matangazo na barua. Kila mmoja aandike kazi ilichukua muda gani kabla na sasa inachukua muda gani, pamoja na muda wa kusahihisha, ambao ndio unaosahaulika. Asiyeitumia mwezi wa kwanza, akaunti yake ihamie kwa mwingine bila ugomvi.

Njia ya kuwasha ningeiahirisha mpaka folda zipangwe. Kama biashara yako ni ya maandishi zaidi kuliko mizigo, mfano ofisi ya uwakala wa forodha, ya mawakili, au asasi inayoandika ripoti za wafadhili kila robo mwaka, na mafaili yote yameshakaa kwenye Microsoft au Google kwa mpangilio, basi anza na hii na uiache ile ya akaunti. Kulipia zote mbili kwa watu walewale ni kutupa hela.

Njia ya kujenga ningeigusa mwisho, na kwa kazi moja tu: kusoma ujumbe wa oda na kuandaa rasimu, muuzaji akiibonyezea kibali kabla haijaenda ghalani. Kujibu mteja moja kwa moja kungesubiri. Kama una maswali yaleyale maelfu kwa siku na majibu yake hayana ubishi, kama benki, kampuni ya simu au ya mabasi, mpangilio unageuka na kujenga kunaweza kuwa hatua ya kwanza, mradi njia ya kumpata mtu iwe wazi tangu ujumbe wa kwanza.

Waambie wafanyakazi mapema nini kinafanyika na ajira zao. Muuzaji anayeamini anafunzisha mashine itakayomtoa hatakuambia kwamba "maji makubwa" kwa wateja wa Manzese ni tofauti na ya Mbezi.

Na kwenye mkataba wa kujenga, zaidi ya bei, hakikisha mambo matatu yameandikwa: historia ya oda na mazungumzo ni mali yenu na mnaweza kuichukua kwa faili linalosomeka, orodha ya bei inabadilishwa na mtu wenu bila kumpigia fundi, na namba ya WhatsApp imesajiliwa kwa Meta kwa jina la kampuni yenu, si la waliojenga. Hilo la tatu mezani linaonekana dogo. Siku mkitaka kuhamia kwa fundi mwingine, namba ambayo wateja wote wameisevu iko mikononi mwa mtu mliyeachana naye.